Spiriti ilikuwa asilimia 96, sasa inasoma 93 na imeanza unjano. Ni tenki au ni mtu?

Mwana_Igoma
Wakuu habari. Nina kakarakana kadogo hapa Igoma, Mwanza, natengeneza sanitaiza, dawa ya kufutia vioo na pafyumu za kupima. Miezi miwili iliyopita nilichukua ethanoli (hii spiriti) mapipa manne ya lita 200, nikaimimina yote kwenye tenki jeusi la plastiki la lita 1000, haya haya ya maji, lilikuwa jipya kabisa. Siku inashushwa nilipima na haidrometa, kile kipimo cha kuelea cha nguvu ya spiriti, ikasoma 96. Nimeshatumia kama lita 200 hivi. Leo saa kumi na mbili asubuhi nimepima tena inasoma 93, halafu ukiweka kwenye glasi juu ya karatasi nyeupe ina unjano kwa mbali. Usawa kwenye kijiti uko palepale ninapoutegemea. Tenki ndo linaniharibia? Na kama ni tenki, ninunue la nini? Kuna jamaa ana la stenlesi lilikuwa la maziwa, mwingine ananipa la faiba, bei zimepishana kama mbingu na ardhi.

Dagaa_Mkavu
Uliza mlinzi wako mkuu. Hapo hakuna kemia.

JiweLaBismarck
Hahahaa Dagaa umewahi. Ila kweli, usawa haujashuka halafu nguvu imeshuka, mtu katoa kopo la spiriti karudisha kopo la maji. Imeisha hiyo.

Mwana_Igoma
Mlinzi ni mjomba wa mke wangu, tafadhalini.

Dagaa_Mkavu
Ndo umezidi kuharibu sasa.

Ngwanamalundi_Jr
Mwangaluka. Msimkimbilie mlinzi. Ethanoli inavuta maji kutoka hewani, hiyo inajulikana, na sisi tuko pembeni ya ziwa, unyevu kibao. Mchana tenki linapata joto linatoa hewa, usiku linapoa linavuta hewa yenye unyevu ndani, kila siku hivyo hivyo kwa miezi miwili. Hapo ndo 3 zako zimekwenda.

Mama_Sabuni
Mimi nakubaliana na Ngwanamalundi, yangu pia ilishuka. Nilikuwa naacha mfuniko umeegeshwa tu maana ulikuwa mgumu kufungua na mikono yangu hii.

Kipimo
Ngwanamalundi hesabu yako haikubali kaka. Una lita 600 za 96. Ili zifike 93 unatakiwa uongeze maji karibu ndoo moja ya lita 20, kidogo na zaidi. Sasa hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 60 inabeba gramu kama 18 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Tenki lake zima ni mita moja ya ujazo. Kupata ndoo ya maji kwa kupumua peke yake inabidi livute hewa tenki zima zaidi ya mara elfu moja, na kila tone libaki ndani. Kwa siku 60? Hapana. Kinachopumuliwa kwa siku ni kidogo sana. Kwa Mama Sabuni ni tofauti, mfuniko ukiwa wazi hewa inaingia na kutoka muda wote, sio kupumua tena huko ni kukaa uchi.

Mama_Sabuni
Kukaa uchi tena mwanangu. Sawa nimeelewa.

Ngwanamalundi_Jr
Basi imepungua kwa kuyeyuka kwenda hewani, pombe inatangulia maji yanabaki. Kama gongo ukiacha wazi inapooza.

Kipimo
Gongo ndiyo, kwa sababu ile ina nguvu ndogo. Ikishafika kwenye 96 mvuke unaotoka unakuwa na nguvu karibu sawasawa na kimiminika kilichobaki, ndo maana hata mtambo wa kawaida wa kuchemshia hauwezi kuvuka hapo kwenye 96, 97. Kwa hiyo ikiyeyuka utapoteza lita lakini nguvu haibadiliki sana. Na jamaa amesema lita zipo.

Dagaa_Mkavu
Narudia, mjomba.

Fundi_wa_Nyakato
Mimi ni fundi matenki, nimefanya hizi kazi Nyakato muda mrefu. Nyie mnapigana na nguvu, mimi nauliza unjano. Mkuu Mwana_Igoma hebu tuambie, koki ni ya nini, washa ni za nini, na mpira unaovutia ni upi? Plastiki ya hilo tenki yenyewe ni polyethilini, na ethanoli haiisumbui hiyo. Shida inakuwaga kwenye vile vitu vidogo vilivyofungwa juu yake.

Mwana_Igoma
Koki ni ile ya shaba inayong'aa. Nipo, vile vipande vifupi vya kuungia bomba, ni za GI. Washa ni mpira mweusi zilizokuja nazo. Mpira wa kuvutia ni ule wa plastiki unaoonyesha, nchi moja.

Fundi_wa_Nyakato
Nilijua tu. Huo mpira unaoonyesha ni PVC iliyolainishwa kwa mafuta yake maalumu. Spiriti inayafyonza yale mafuta. Angalia, utakuta ulikuwa laini sasa umekuwa mgumu kama fimbo, na umekuwa mweupe kama maziwa. Yale mafuta yameenda wapi? Yako kwenye spiriti yako. Jaribio rahisi, chukua glasi safi weka spiriti nusu na maji safi nusu, yale ya chupa. Ikitulia na kuwa angavu uko salama, ikiweka ukungu kuna kitu cha mafuta humo ndani, maana spiriti inakiyeyusha ila ikipata maji inakitema.

Sangara_Minofu
Au ni kutu. Mapipa ya lita 200 ya chuma ndani yanaweza kuwa yameshika kutu, ukipata yaliyokuwa yanabeba kitu kingine ndo kabisa. Na GI ni chuma chenye zinki, zinki na alkoholi sio marafiki, hasa methanoli. Mimi nilifungaga nipo za GI kwenye mstari wa methanoli ya kazi ya mbao, baada ya muda chujio linajaa unga mweupe. Nikabadili zote stenlesi.

Kipimo
Ya kutu ina jaribio la jikoni pia. Weka chai ya rangi kali kidogo kwenye sampuli. Chuma kikiwa kimeyeyuka humo itageuka nyeusi kama wino. Ila kutu ya unga unga tu haitaonyesha haraka, hiyo utaiona imetulia chini ukiiacha usiku kucha.

JiweLaBismarck
Yaani huyu mkemia wa chai na maji nampenda. Shuleni walitufundishaga titresheni tu hatujui inafanya nini.

Achieng_Dala
Niko Kisumu, nimefuata huu uzi kutoka mbali. Huku kwetu Muhoroni wanatengeneza spiriti ya molasi miaka mingi, na mzee wangu alikuwa dereva wa tanka. Naona nyote mnaongea juu ya rangi na nguvu, hakuna mtu ameuliza juu ya moto. Mzee alikuwa anatuambia hawezi fungua valvu kabla ya kufunga waya wa ethi, ule wa kuondoa umeme tuli, kutoka kwa tanka hadi kwa tenki. Hata kama ni chini ya nusu saa kazi iishe. Wewe umemimina mapipa manne ndani ya plastiki, ulitumia pampu gani?

Mwana_Igoma
Pampu ndogo ya umeme ya maji, half hosi.

Sangara_Minofu
Mungu wangu.

Achieng_Dala
Pole lakini hiyo umeponea. Mota ya maji ya kawaida inatoa cheche ndani yake.

Kipimo
Hapa nikae kidogo maana watu hawalijui hili. Ethanoli tupu inatoa mvuke wa kuwaka kuanzia nyuzi 13 tu. Mwanza hata alfajiri ya baridi hatufiki huko. Mvuke wake unawaka ukiwa kati ya asilimia 3.3 na 19 ya hewa. Sasa ndani ya tenki lililofungwa, kwa joto letu la nyuzi 25 mpaka 30, ile nafasi ya juu ya kimiminika inakuwa na mvuke kama asilimia 8 mpaka 12, yaani katikati kabisa ya eneo la kulipuka. Petroli ni kinyume, ndani ya tenki lake mvuke ni mwingi kupita kiasi hewa haitoshi kuwaka, inawaka pale mdomoni. Watu wamezoea petroli wanadhani spiriti ni ya upole kwa sababu haina harufu kali. Ndani ya tenki, spiriti ni mbaya zaidi. Isopropanoli nayo hivyo hivyo, inaanzia nyuzi 12. Methanoli 11, na inawaka kati ya asilimia 6 na 36, halafu mchana moto wake huuoni kabisa.

Fundi_wa_Nyakato
Huyu anasema kweli tupu. Kuna kijana alikuwa jirani na yadi yetu, sitaji ni wapi, aliletewa pipa "tupu" la spiriti alikate liwe jiko. Akaweka grainda. Mfuniko tuliuokota ng'ambo ya barabara. Kijana yupo hai ila nyusi zake ziliota upya. Pipa lenye lita 200 ndani lisingefanya vile, ni lile tupu lenye mvuke. Siku hizi mtu akiniletea pipa nalijaza maji mpaka juu kwanza, namwaga, najaza tena.

Dagaa_Mkavu
Mzaha umeisha, mjomba asivute sigara pale.

Ngwanamalundi_Jr
Swali la mtu mjinga, kama plastiki inafaa kwa ethanoli na yale matenki ya plastiki ya lita 1000 yenye kizimba cha chuma yanabeba kemikali dunia nzima, kwa nini mnamtisha jamaa?

Sangara_Minofu
Sio la mjinga. Yale yana mihuri ya kubebea mizigo ya hatari, na muda wake ni miaka 5 toka yatengenezwe, soma ile bamba mbele. La maji halijapimwa kwa hilo, mfuniko hauzibi, halina pumulio lenye wavu wa kuzuia moto. Halafu plastiki haipitishi umeme tuli, ukimimina kutoka juu inarushwa rushwa inajikusanyia. Bora bomba liingie mpaka chini ya tenki ukijaza taratibu. Na plastiki ikipata moto haidumu, inayeyuka na lita zote zinakuja chini kwa wakati mmoja. La stenlesi litasimama muda mrefu zaidi.

Fundi_wa_Nyakato
Kuhusu matenki uliyoambiwa. Stenlesi ya daraja la 304 inatosha kwa ethanoli, 316 ukitaka. La maziwa ni zuri ila angalia gasketi ya mlango, nyingi ni mpira wa kawaida, badilisha uweke Teflon au EPDM, ule mpira usiosumbuliwa na spiriti. Usiruhusu mtu akushawishi alumini, hasa kwa methanoli, inaliwa. Ethanoli kavu kabisa ikipata joto nayo inaila alumini vibaya, yako ina maji kidogo inaweza ikavumilia lakini kwa nini ujaribu.

JiweLaBismarck
Na chuma cheusi? Mbona depo zinatumia chuma.

Kipimo
Chuma kinatumika, ndiyo. Wamarekani ethanoli ilipoingia sana kwenye mafuta ya magari walikuta matenki na mabomba ya chuma yanapata nyufa kwenye maungio ya kuchomelea, na oksijeni iliyoyeyuka kwenye ethanoli ikaonekana ina mkono humo. Sio kila tenki. Kwa mtu wa sanitaiza shida ya chuma ni kutu na rangi kabla ya nyufa.

Mama_Sabuni
Na faiba jamani? Mimi ndo niliyonayo.

Sangara_Minofu
Mama inategemea utomvu uliotumika kulitengeneza. Hizi za poliesta ya kawaida, kama boti nyingi hapa Kirumba, spiriti inailainisha pole pole. Huko Marekani watu wenye boti za zamani zenye tenki la mafuta la faiba, petroli ilipoanza kuchanganywa na ethanoli, tenki likaanza kuyeyuka, uchafu mweusi ukaingia kwenye injini. Faiba ya vinaili esta ndo inastahimili. Muuzaji akishindwa kukuambia ni ipi, achana nayo.

Mama_Sabuni
Muuzaji aliniambia "ni faiba ya nguvu". Wabeja.

Fundi_wa_Nyakato
Hahaha faiba ya nguvu. Mama kwaruza na kucha kule ndani sehemu inayoguswa na spiriti, ikiwa inanata au imelainika toa haraka.

Mwana_Igoma
Nimerudi. Nimefanya vipimo vyenu vyote, jirani anadhani nimekuwa mganga. Ya maji nusu kwa nusu: imeweka ukungu kidogo, sio sana. Chai: haikugeuka nyeusi. Nimeacha glasi usiku kucha, chini kuna vumbi la kahawia, ukipaka kidoleni linapaka. Mpira wa kuvutia kweli umekuwa mweupe na mgumu, hata kuukunja siwezi.

Fundi_wa_Nyakato
Ukungu ni mpira wako. Nilisema.

Sangara_Minofu
Vumbi la kahawia ni kutu. Nilisema mimi.

JiweLaBismarck
Sasa wote mmeshinda, droo kama Pamba ugenini.

Kipimo
Nina wazo la nguvu nimelisahau toka mwanzo. Mkuu siku inashushwa ulipima saa ngapi?

Mwana_Igoma
Saa nane mchana, gari lilichelewa.

Kipimo
Na ya 93 umepima saa kumi na mbili alfajiri. Haidrometa yako imetengenezwa kusoma sawa kwenye nyuzi 20, angalia imeandikwa pale kwenye karatasi ya ndani. Spiriti ikiwa ya moto inakuwa nyepesi, chombo kinazama zaidi, kinasoma juu. Kwenye nguvu hizi za 90 na kitu, nyuzi 10 za joto zinakupa karibu pointi 2 za uongo. Mapipa yaliyokaa juani kwenye gari mpaka saa nane yanaweza kuwa nyuzi 32 kirahisi. Kwa hiyo 96 ya siku ile inaweza kuwa ilikuwa 93 na nusu ya kweli. Inawezekana hujapoteza kitu, uliuziwa 93 na nusu.

Dagaa_Mkavu
Yaani mjomba kaachiwa huru?

Ngwanamalundi_Jr
Mimi nilisema tenki linapumua, nyie mkanicheka, sasa joto ndo jibu.

Kipimo
Joto la kipimo sio joto la kupumua kaka, usijiingize kwenye picha.

Mwana_Igoma
Subirini. Nimepima leo saa nane hiyo hiyo mchana, joto la hapa ndani nyuzi 29, imesoma 94. Kwa hesabu yako si ingetakiwa isome karibu 95?

Kipimo
Joto ulilopima ni la hewa au la spiriti?

Mwana_Igoma
La hewa, ile saa ya ukutani inayoonyesha na joto.

Kipimo
Lita 600 hazipati joto haraka kama hewa. Ndani inaweza kuwa 26 hapo. Ikiwa 26, basi 94 ni sawa kabisa na 93 ya asubuhi. Ikiwa 29 kweli, basi kuna pointi karibu moja haina mwenyewe. Tumbukiza kipimajoto kwenye glasi ileile unayopimia.

Mwana_Igoma
Kipimajoto nilichonacho ni cha kwapani.

Achieng_Dala
Cha kwapani kinaanzia 35 bana, hakitakusaidia 🤣

Sangara_Minofu
Na usawa wa kijiti nao usiuamini sana. Ethanoli inatanuka, kwa kila lita 1000 kila nyuzi moja inaongezeka kama lita moja na kidogo. Kwa lita 600, asubuhi na mchana zinaweza kupishana lita 4 bila mtu kugusa. Na mtu anayejua akiiba mchana hutaona kitu kwenye kijiti.

Dagaa_Mkavu
Asante Sangara, kesi imerudi mahakamani.

Mpita_Njia_Busisi
Samahani natoka nje ya mada, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, kupitisha mapipa ya spiriti pale wanadai vibali vipi? Zamani kwenye kivuko ilikuwa mtiti.

Sangara_Minofu
Kibali hakifuati daraja, kinafuata kemikali. Usajili wa kufanya kazi na kemikali ni Mkemia Mkuu wa Serikali, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, na gari la kubeba nalo lina masharti yake. Zimamoto ni lingine, OSHA wa usalama mahali pa kazi lingine. Mwana_Igoma natumaini unavyo.

Mwana_Igoma
Cha Mkemia ninacho. Zimamoto walikuja wakaangalia mitungi ya kuzimia wakaondoka.

Achieng_Dala
Mitungi ni ya nini ndani? Kama ni povu la kawaida, alkoholi inalivunja. Kuna povu lake maalumu la kustahimili alkoholi. Kwa moto mdogo ile ya unga au maji mengi sana. Maji kidogo hayasaidii, hata spiriti ya asilimia 20 ukiipasha ikafika nyuzi 36 hivi inawaka.

Mama_Sabuni
Mtoto wa Kisumu unatutisha leo. Nimetoka kuangalia yangu imeandikwa povu tu.

Fundi_wa_Nyakato
Mwana_Igoma na ujenge ukuta kuzunguka tenki, uweze kushika yote yakimwagika na asilimia 10 juu. Wewe uko kwenye mteremko, hapo ikimwagika inakamata mtaro, mtaro unakamata mto Mirongo, Mirongo ziwani.

JiweLaBismarck
Samaki watalewa.

Sangara_Minofu
Hawalewi, wanakosa hewa. Vijidudu vinavyoila spiriti vinamaliza oksijeni ya maji.

Mwana_Igoma
Sawa wakuu, nimeamua la stenlesi la maziwa nilichukue, gasketi za Teflon, koki za stenlesi, nipo za GI natoa. Pampu nauliza bei ya ile ya kusukumwa na hewa isiyo na umeme. Mpira wa kuvutia je, upi?

Fundi_wa_Nyakato
Wa EPDM wenye waya ndani wa kupeleka umeme chini, au wa stenlesi wenye Teflon. Ukiambiwa mpira wa Viton, kwa ethanoli ni mzuri, ila kama kesho utaweka methanoli uliza tena, zipo zinazovimba.

Kipimo
Na kabla hujahamisha, chukua sampuli juu, katikati na chini ya tenki. Maji yaliyobaki wakati wa kuosha tenki yanachanganyika, lakini ukikuta tofauti utajua hujawahi kuikoroga vizuri na kipimo chako chote ni cha juu tu. Hilo tenki "jipya" uliliosha kabla?

Mwana_Igoma
Niliosha. Nilimwambia mjomba alikaushe.

Ngwanamalundi_Jr
Haya.

Dagaa_Mkavu
Wakuu mimi nimenyamaza, msiniangalie.

Mwana_Igoma
Nimempigia kumuuliza kama alilikausha kwa kitambaa au aliligeuza tu. Yuko Sengerema, ameomba ruhusa ya msiba toka juzi.

Mama_Sabuni
Msiba ni msiba jamani, mwacheni mtu. Nunua kipimajoto kwanza.